Siku Tuliyomkalisha Flora Kigodani

Mektilda ni fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta hapa Bariadi, nyuma ya stendi. Kama umewahi kuhudhuria harusi ya huku kwetu ukaona shela limemkaa bibi harusi vizuri, huenda ni mkono wake. Hana maneno mengi. Mimi ninayo ya kututosha sote wawili, ndiyo maana tumedumu. Asubuhi nachoma maandazi, mwisho wa wiki naoka keki za oda, na watu wananiita Mama Joakim. Yeye wanamwita Mama Flora.

Hilo jina lake lina habari ndefu. Mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na wa kwanza wa Mektilda hakuwa Flora. Alikuwa Sayi, msichana, aliyeishi miezi minane. Sayi alikuwa mtu wa kulia. Alilia asubuhi, alilia jioni, akipimwa haonekani na ugonjwa, mpaka mama mkwe wa Mektilda, Bibi Nyanjige, akaja kutoka Mwamapalala. Bibi alimsikiliza yule mtoto huku ameinamisha kichwa, kisha akasema, "Huyu analilia jina. Ni Nyamizi huyu, mama mkwe wangu mimi. Anataka kuitwa."

Katika ukoo wao hilo si jambo la kushangaa. Marehemu akitaka kukumbukwa humjia mtoto, na mtoto hatulii mpaka apewe jina la marehemu. Humvalisha nyeupe, humfunga ushanga mweupe, humkalisha kwenye kigoda cha ukoo, humnyunyizia maji na unga, kisha mtu mzima wa ukoo humwita kwa lile jina. Ni shughuli ya dakika kumi. Lakini Mektilda ni binti wa katekista wa Mkula, akakataa katakata, na mumewe Masunga hakumlazimisha. Baada ya wiki tatu Sayi akafa.

Mimi nasema alikufa kwa ugonjwa ambao hatukuupata. Nasema hivyo jua likiwa linawaka.

Tangu msiba ule hakuna aliyethubutu kumwita Mektilda Mama Sayi. Alipozaliwa Flora tukapata pa kupumulia. Ila Mektilda hakupumua. Mtoto akikohoa mara moja, yeye yuko kliniki. Bethdei nne zilipita bila hata pipi, kwa sababu hakutaka kuhesabu miaka ya mtoto watu wakisikia. Alikuwa anasubiri miaka mitano. Kadi ya kliniki inaishia miaka mitano, akaniambia, na mtoto aliyemaliza kadi amevuka, sasa ni wake. Nilimwambia hata walioota ndevu wanakufa. Naujua ulimi wangu, na siku ile nilitamani ningeumeza.

Basi mwezi wa saba, msimu wa pamba, malori yakipita na kuacha nyuzi nyeupe kwenye kila ua, Flora akatimiza mitano na akataka kuwa prinsesi. Alikuwa amemwona kwenye televisheni ya jirani, mwenye taji na gauni pana. Alitaka gauni la pinki. Mektilda alizunguka maduka yote, neti ya pinki hakuna, na Masunga alikuwa safarini na lori la pamba asingeweza kuagizwa Mwanza. Kilichokuwepo ni mabaki ya mashela: neti nyeupe, satini nyeupe, kopo zima la shanga nyeupe. Mektilda akakaa kwenye cherehani siku tatu. Taji alilikata kwenye boksi la sabuni, akalifunika satini, akalizungushia mistari mitatu ya shanga. Nakuambia kweli, sijaona kitu kizuri kama kile, na mtoto mwenyewe aliisahau pinki palepale.

Keki niliioka mimi, kwenye sufuria lenye mchanga juu ya mkaa, ndani ya bakuli kubwa ili itoke na umbo la sketi. Juu nikachomeka mwanasesere wa plastiki mwenye mkono mmoja, ule uliokatika nikauficha kwa krimu. Usicheke. Pale mtaani ilionekana keki ya ikulu.

Ikabaki kiti cha enzi. Tulijaribu kiti cha plastiki, Flora akadidimia, miguu inaning'inia. Na hapo ndipo kiherehere changu kilipofanya kazi yake. Nikasema, "Si kuna kile kigoda unachowekea ndoo ya maji?" Masunga alikileta kutoka kwao baba yake alipofariki, cha miguu mitatu, cheusi kwa kukaliwa. Mektilda alikitazama kidogo. Akakiondolea ndoo, akakifuta, akakitandikia kitambaa cha kufuma. Hakukumbuka, na mimi sikukumbuka. Ukiona mtoto wako anarukaruka kwa furaha, hukumbuki mambo ya wazee.

Jumamosi saa kumi na moja watoto kumi na watano walikuwa uani, maputo yamefungwa kwenye kamba ya nguo, spika inapiga. Flora akaketi kwenye kigoda chake, mgongo umenyooka. Kwetu bethdei bila kumwagiwa maji haijawa bethdei, na watoto walishaanza kupiga kelele, "Amwagiwe! Amwagiwe!" Kwa kuwa gauni lilikuwa la thamani, nikaamua kulifanya jambo kistaarabu. Nikachota maji kikombe kimoja, nikamnyunyizia kichwani kwa vidole. Nikachukua na ngano iliyobaki kwenye keki, nikampulizia. Kisha nikapaza sauti kama mshereheshaji: "Binti mfalme huyu anaitwa nani?"

Watoto wakavuta pumzi wapige kelele. Kabla hawajafungua midomo, sauti moja ikatoka getini.

"Nyamizi!"

Alikuwa Bibi Nyanjige. Masunga alimpigia simu kumwambia habari za sherehe, naye akaja bila kutuarifu. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye bodaboda, galoni la maziwa mkononi, kitambaa kimemteleza kichwani. Baadaye alituapia kwamba hakukusudia. Aliona lile paji la uso chini ya zile shanga, kama la mama mkwe wake, jina likamtoka. Alijiziba mdomo, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Flora aligeuza shingo taratibu kuelekea getini.

Nilijua hapohapo. Mektilda naye alijua, kwa sababu kisu cha keki kilimwanguka. Nyeupe, shanga, kigoda, maji, unga, na mtu mzima wa ukoo ameita. Tulikuwa tumefanya yote, mojamoja, kwa mikono yetu, tukicheka.

Nikajitia kuimba wimbo wa bethdei, watoto wakaitikia. Mshumaa ukaletwa. "Puliza, Flora." Hakupuliza. Aliutazama mshumaa ukiwaka mpaka nta ikajaa kwenye krimu ukazimika wenyewe. Maji yaliyochanganyika na ngano yalimtiririka usoni, yakampita jichoni, na hakupepesa. Mtoto mmoja akamvuta mkono, "Flora, twende tucheze." Hakumtazama. Yule mtoto akauachia ule mkono haraka, akaenda kusimama ukutani, akaanza kulia anataka kwao. Wengine wakafuata. Nikazima spika. Mama zao walikuja kuwachukua, nikawafungia vipande vya keki kwenye foili, nikiwaambia mwenye sherehe ana homa kidogo.

Tukabaki watatu na yeye. Jua lilikuwa bado lipo, juu ya mapaa. Kuku walikuwa wameondoka uani wote, nami sikuwa nimewaona wakiondoka.

"Mwadila, Nyanjige," akasema Flora.

Ni salamu ya Kisukuma ya alasiri, mtoto yeyote anaijua. Lakini Flora alikuwa anamwita yule mama Bibi tu. Hakuna mtoto anayemwita bibi yake kwa jina kavu. Na Bibi Nyanjige, mwanamke wa miaka sabini na magoti mabovu, akapiga magoti kwenye vumbi, kama mkwe anavyompigia mama mkwe.

"Mwadila, mayu," akajibu, yaani mama.

Niliogopa. Sina namna nyingine ya kusema, nilishika nguzo ya kamba ya nguo. Mektilda hakuogopa, alikasirika. "Mama, nyanyuka! Unampigia magoti mwanangu?" Akamshika Flora kwapani amnyanyue, akashindwa. Mwanamke anayebeba jora la kitambaa begani, ameshindwa na mtoto wa miaka mitano. Aliniita nimsaidie. Tulivuta wawili, na mtoto alikuwa mzito kama gunia la pamba lililoloa. Hakujishika popote, mikono yake ilikuwa imetulia mapajani.

"Flora," akasema Mektilda. "Flora. Flora!"

"Hataitika," Bibi akasema kwa upole, bado yuko chini. "Mmemkalisha wenyewe, ng'wanone, mwanangu. Mwite kwa jina lake, aridhike, ashuke. Usipomwita..." Hakumaliza, kwa sababu wote tulikuwa tunajua aliyeondoka bila kuitwa.

"Mimi nimezaa Flora. Amebatizwa Flora."

Alitoa rozari mfukoni, akasali. Alisali fungu zima kwa sauti, na nilimwitikia ingawa mimi si Mkatoliki. Flora alisikiliza. Hakupiga kelele wala hakugeuza uso. Alisubiri kwa adabu, kama mwenyeji anavyomsubiri mgeni amalize hotuba yake. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na mimi wangu Joakim yuko hai, kwa hiyo sitamhukumu. Mektilda alipiga magoti, si kwa heshima. Uso wake ukawa sawa na uso wa mtoto. Kisha akasema:

"Nyamizi."

Flora akiitwa huitika "Abee," kama msichana yeyote. Yule alisema, "Naam, Mama Sayi."

Jina ambalo hatukulitamka kwa miaka sita. Flora hakuwahi kuambiwa kama alikuwa na dada. Hivyo ndivyo tulivyodhani.

"Usimlilie tena," akaendelea. Sauti ilikuwa ya Flora, ndogo, yenye kithembe kilekile. "Sayi hajambo. Yuko kwangu."

Nilingoja Mektilda apige kofi, au apige yowe, au ataje jina la Yesu. Binti wa katekista! Aliusogeza uso wake karibu zaidi, akauliza kwa sauti ya mtu aliyempata ndugu kwenye simu baada ya kuhangaika na mtandao:

"Anakula?"

"Anakula."

Mtoto akapiga chafya. Akajifuta ngano puani, akatutazama mmoja mmoja, akauliza watoto wameenda wapi na nani amekula krimu. Akashuka kwenye kigoda mwenyewe akakimbilia chooni. Bibi Nyanjige alimshukuru Mungu kwa lugha zote alizonazo, akanywesha kila mtu maziwa.

Kesho yake Bibi alirudi Mwamapalala. Kabla hajapanda gari alimshika Mektilda mkono, nikiwepo. "Jina limepatikana, basi. Mtoto ataitwa yote mawili, hakuna neno. Usimkalishe tena. Wazee wanaitwa mara moja."

Mektilda akasema amesikia.

Mwaka umekwisha sasa. Flora yuko chekechea, mzima, hajaumwa hata mafua. Kile alichokiogopa mama yake hakikumpata. Na ningependa habari iishie hapo, ila ukuta wetu ni mfupi na mimi nina masikio.

Kila Jumamosi saa kumi na moja cherehani hunyamaza. Mektilda hapokei mteja. Lile gauni ameshaliongeza pindo mara mbili. Nasikia kikombe kikichota maji, halafu nasikia, "Nyamizi." Halafu tena, "Nyamizi, mwanangu ameshindaje? Ameshaanza kutembea? Nani anamsuka?" Na Flora, kwa sauti ya mtoto aliyechoka kukaa, "Mama, ni mimi. Ni Flora." Nusu saa, wakati mwingine saa nzima. "Mama, ni Flora. Nataka kushuka."

Nilimkanya. Nilimwambia uliyenaye ndiye mtoto. Alinitazama kama nimemwambia jambo la watu wengine, akaniuliza kama nina unga wa ngano wa kumwazima.

Jumamosi iliyopita sikumsikia Flora akijitaja. Mama yake aliita mara moja tu, na mtoto akajibu, "Naam, Mama Sayi." Akaulizwa, akajibu. Anakula. Ameota meno. Anatembea mpaka kisimani. Labda ameona hiyo ndiyo njia ya kushuka upesi akacheze, watoto wana akili. Labda. Nilimsikia Mektilda akicheka, kicheko ambacho sijamsikia nacho tangu tujuane.

Nikaweka maandazi mawili kwenye kisosi, nikasimama juu ya ndoo, nikachungulia ukutani. Mtoto alikuwa ameshashuka, amesimama peke yake uani na gauni lake, amenipa mgongo. Nikamwita, "Flora!" Nikamwita tena. Nikamwita mara ya tatu, kwa nguvu, mpaka wapita njia wakageuka.

Hakugeuka. Jina lile jingine lilikuwa tayari ulimini mwangu, nikashuka kwenye ndoo nikaingia ndani.