Nyoosha Mikono, Baba

Ile siku niliyoingia thome naikumbuka vizuri, Mwende mwanangu, na hasira yake sijaimaliza. Usicheke kwamba nakupa nasaha na nywele zangu bado nyeusi. Nilizeeka vya kutosha ulipokuwa ukitapika mikononi mwangu.

Thome unapajua, pale nje ya boma kwenye mawe na moto, wanaume wanapokaa jioni. Mwanamke hakai pale, sembuse mke wa mtoto wao. Mtoto mchanga ndiye hakatazwi, kwa hivyo wewe ulikuwa mwenyeji huko na mimi mgeni.

Babu yako alikuwa amestaafu ulinzi kwenye ranchi moja huko Konza. Alikuwa na bastola, ile ya silinda inayozunguka. Leseni ya bastola niliiona. Ya kujitengenezea risasi nyumbani sijaiona mpaka leo, na niliuliza. Yeye alisema za dukani haziamini, hajui ni mkono wa nani umezijaza.

Basi alikuwa akirudi kutoka Kyumbi na mfuko wa vile vyuma vidogo vya kubalansi magurudumu, ambavyo mafundi wa tairi huvitupa. Alikwaruza kila kimoja kwa ukucha. Kilicho laini mno alisema kinachafua mtutu, akakiweka kando. Vingine aliviyeyusha, akamimina kwenye kalibu, vikatoka vichwa vya risasi. Kila kichwa alikigeuzageuza kwenye mwanga, na chenye kunyanzi au kishimo hakukitia kwenye ganda. Mzee alikuwa mwangalifu sana, tena sana, kwa bastola yake.

Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilichoona ni kwamba unarudi kutoka thome viganja vikiwa vya kijivu. Ukakataa uji. Tumbo likakukaza. Ulikuwa umeanza kusimama ukishika kiti, ukaacha.

"Ni meno," akasema susu yako, mama mkwe wangu.

"Ni meno," akasema baba yako. "Wewe unashuku kila kitu."

"Meno gani yanapaka mtoto rangi mikononi?" niliuliza. Nilishuku maji, nikashuku maziwa, nikamshuku hata jirani yetu wa watu, Mungu anisamehe. Kisha nikashuku mahali ambapo sikuruhusiwa kuangalia.

Nikaenda. Ulikuwa kwenye paja la babu yako, shavu moja limefura. Umeshika kopo la majani ya chai, unalitikisa linalia kama kayamba.

"Mke wa Musyoka, umepotea njia?" akauliza babu yako.

"Hapana, Baba. Nimefuata mtoto." Nikakutia kidole mdomoni, kikatoka kichwa cha risasi kimelowa mate. Kopo nalo lilikuwa limejaa vingine. "Hii ni nini?"

"Ah, hizo ni mbovu. Bastola haiwezi kula hizo. Nimempa achezee."

"Bastola haiwezi kula, lakini mtoto anaweza?"

Mzee mmoja alianza kucheka, akaacha katikati.

Nilikubeba hivyo hivyo hadi hospitali, Machakos mjini. Wakatoa damu, na majibu yakaja kwamba madini ya risasi, yale yale ya vichwa, yameingia kwenye damu yako. Kemia ya fomu tatu ilinifundisha kwamba risasi ni sumu. Haikuniambia sumu hiyo itakaa kwenye paja la babu. Na unajua baba yako alinitaka nifanye nini? Niombe msamaha kwa kuingia thome. Sikuomba. Sitaomba. Ulitembea mwishowe, lakini ulichelewa, na hata sasa ukisahau kitu kidogo shuleni mimi nashtuka.

Jumapili iliyopita babu yako alisimama mlangoni kuomba kumbeba mdogo wako.

"Ile kazi niliacha," akasema.

"Nyoosha mikono, Baba."

Najua mkwe hasemi hivyo. Alinyoosha, kama mtoto wa nasari. Nikaangalia chini ya kucha, nikanusa viganja, nikageuza mifuko ya koti. Safi. Nikampa mtoto.

"Naenda naye thome kidogo?"

"Kaa hapo kwenye stuli, nikikuona."

Akakaa. Akamwimbia mtoto, na mimi nikaendelea kuchambua maharagwe nikiwatazama.

Mwanangu, shika hili. Moyo ukikuambia kuna kitu, usingoje ruhusa ya kuangalia. Anayempenda mtoto wako pia mwangalie, maana babu yako alikupenda na sumu ilikuwa mkononi mwake. Heshima mpe mtu, lakini usimlipe kwa damu ya mtoto.

Mungu akupe watoto wazima na macho yasiyoona haya. Na siku nitakapokuwa bibi, nikija mlangoni kuomba kumbeba wako, usinionee aibu. Niambie ninyooshe mikono.