Muuguzi wa Kadi za Ng'ambo

Muuguzi wa kifua kikuu wa zahanati yetu, hapa Savannakhet, Laos, huandika kadi za matibabu polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Tangu nchi zetu zikubaliane kuwatibu wanaovuka mto Mekong, kila mgonjwa anayekwenda Thailand kutafuta kibarua huondoka na kadi yake, na muuguzi wetu humpigia simu mwenzake wa Mukdahan, ng'ambo ya mto, mwanamke ambaye hajawahi kumtia machoni. "Dada, huyu vidonge humtapisha. Mpe akishakula." Ndivyo alivyomkabidhi Thongsouk, aliyekwenda kukata miwa. Tajiri wake huko alimnyang'anya pasipoti pamoja na kadi, Thongsouk akaogopa kwenda hospitali mikono mitupu. Wenzake walipompeleka, alikuwa anakohoa damu, na hakumaliza siku mbili.

Jumatatu mkewe, Bouakham, alikuja na mtoto mgongoni. Mimi nilikuwa meza ya pili. Muuguzi alimweleza yote, kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia kadi inatosha, shemeji." Bouakham hakumlaumu. Aliuliza tu, "Alikuwa na nani?" Muuguzi hakujua. Akapiga Mukdahan, akafungua spika, akampa simu. "Nilikuwa naye mimi, dada," sauti ya muuguzi wa huko ikasema. "Alikuwa ananitajia watoto. Huyo wa mwisho eti anamwita Chura." Bouakham akacheka kidogo, akampapasa aliye mgongoni, ndipo akalia. Alipokwisha kuondoka, muuguzi aliiweka simu sikioni. Wa ng'ambo bado alikuwa kwenye laini. Hakuna aliyekata.