Madoa ya Kioo cha Nyuma

Mimi si mtu wa kuona vitu. Mke wangu ndiye huota ndoto na kuzieleza asubuhi. Mimi nikilala nimelala. Kwa hiyo ukinisikia nasema nilizungumza na mwanamke aliyekuwa ameshakufa, mchana, mikono yangu ikinuka siki, ujue jambo hilo sikulitafuta. Lilinikuta kazini, hapa hapa Bunia, katika komini ya Shari. Yuko Papa Deo, na yuko mama mmoja kambini. Waulize hao kama ninaongopa.

Kazi yangu ni kuosha magari. Maji yetu ni ya foraji, kisima kirefu cha pampu, nayo yana chokaa nyingi. Ukiosha gari juani ukaliacha likauke lenyewe, vioo vinabaki na madoa meupe ya mviringo ambayo sabuni haiyawezi. Mimi huyatoa hivi: nasogeza gari kivulini, nachanganya siki na maji ya vuguvugu, nalowesha kitambaa na kukibandika kwenye kioo mpaka chokaa ilainike, kisha nafuta polepole na kukausha kwa gazeti kuukuu. Yakikaidi, napaka dawa ya meno nyeupe na kusugua kwa duara. Usikubali mtu akwangue kioo chako kwa mchanga, utabaki na mikwaruzo mpaka siku ya kuuza gari. Nakueleza haya ili ujue kwamba madoa ya maji nayafahamu vizuri.

Papa Deo alikuwa dereva wa taxi. Zamani alipakia watu kutoka Fataki kuja Bunia, mpaka vita vilipoharibu njia, akabaki kuzunguka mjini tu. Alasiri ile aliniletea gari, mawingu yakiwa yameanza kujaa.

"Petit, hii gari kesho inaenda kwa mwenyewe mupya," aliniambia. "Unitolee ile madoa ya vitre ya nyuma, ile ya kushoto. Mutu amekuya kuangalia gari, bibi yake akakatala kupanda sababu ya ile vitre tu."

"Madoa ya kioo yatatoka, Papa. Kunywa chai, utakuta imeisha."

"Mi nilijaribu. Haitoke," akasema, akavuka barabara kwenda kwenye kibanda cha chai.

Nilianza na vioo vingine, vikang'aa. Nikaja kwenye kile cha nyuma kushoto. Nilipokilowesha, madoa yalipotea. Hilo halikunishangaza, madoa ya chokaa ndivyo yalivyo, kioo kikiwa na maji huyaoni. Kikakauka, yakarudi. Nikatia siki kali zaidi, nikangoja, nikafuta. Yakarudi. Nikapaka dawa ya meno, nikasugua mpaka bega likauma. Ndipo nilipopitisha kucha juu ya kioo na kusikia ni laini kabisa. Madoa yalikuwa upande wa ndani.

Sasa niambie, nani huosha gari kwa ndani kwa ndoo ya maji? Halafu yalikuwa yamekusanyika mahali pamoja, pale ambapo mtu aliyekaa huegemeza kichwa, na kutoka pale yalishuka kwa mistari.

Nikafungua mlango, nikabandika kitambaa cha siki kwa ndani, nikafunga, nikaenda kusuuza magurudumu. Niliporudi, kitambaa kilikuwa juu ya kiti, kimekunjwa mara mbili kama nguo inayotoka kwenye pasi. Nilidhani kimeanguka tu. Lakini kitambaa kikianguka, kinajikunja?

Matone ya mvua yakaanza. Nikainua macho, na ndani ya gari palikuwa na mwanamke.

Niamini, sikuogopa. Nilidhani ni mpita njia aliyekimbia mvua, watu hufanya hivyo. Alikuwa kijana, mjamzito, tumbo limeshakuwa kubwa. Amejifunika kitenge cha kijani chenye maua ya njano mpaka kidevuni, anatetemeka, paji la uso limelala juu ya kioo, palepale penye madoa. Kioo kilikuwa kimeteremshwa kidogo juu, kwa hiyo nilimsikia vizuri.

"Yaya," aliniita, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. "Weye iko nafuta nini?"

"Madoa, dada. Mwenye gari anataka yatoke."

"Ni machozi yangu," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuonyesha kwamba umekalia mkoba wake.

Nikamuuliza kama anaumwa, nimwitie mtu. Akatikisa kichwa. Akaomba maji. Nikachota kikombe, nikakipitisha pale juu ya kioo. Vidole vyake viligusa vyangu, na mpaka leo sijapata kitu cha kukufananishia baridi ile. Akashika kikombe, hakunywa.

"Mama alisema atakuya kwa miguu," akasema. "Alisha fika?"

"Mama gani, dada?"

"Mama Lotsove. Lotsove ni mimi. Umwambie asinitafute tena ku hopitali. Mi niko pa mikaratusi, pa kona, mbele ya daraja ya mbao. Papa wa gari anajua."

Nikageuka kumtafuta Papa Deo ng'ambo. Nikamwona anakuja mbio, kipande cha katoni juu ya kichwa kujikinga na mvua. Nilipogeuka tena, kiti kilikuwa kitupu. Mlango haukuwa umefunguliwa, nilikuwa nimeuegemea mimi mwenyewe. Kikombe kilikuwa kwenye kiti, kimejaa mpaka ukingoni.

"Papa Deo," nikasema, "Lotsove ni nani?"

Hakuniuliza jina hilo nimelitoa wapi. Aliketi juu ya bidoni, dumu langu la maji, kwenye mvua, na kile kipande cha katoni kikamponyoka mkononi. Kisha akaniambia, akiangalia matope.

Siku watu walipokimbia Fataki, gari lake lilikuwa limejaa, nafasi imebaki ya mtu mmoja. Mama mmoja akamsukumia binti yake mjamzito, tayari anatoka damu. "Ufikishe mutoto wangu ku hopitali, mi nitakuya kwa miguu." Njiani binti alilia, kichwa juu ya kioo, akalia mpaka akanyamaza. Abiria walipomgusa alikuwa amekwisha. Wakaogopa. Mbele kulikuwa na watu wenye silaha, na kila mmoja akasema hawezi kupita pale na maiti. Wakamlaza chini ya mikaratusi, wakamfunika kitenge chake. Papa Deo alijiapiza kwamba atarudi kumchukua. Njia ikafungwa.

"Na mama yake?" nikauliza.

"Alifika. Mi nilimuona ku soko, anauliza watu. Nikapita upande ingine."

Kisha nikamwambia yeye alipewa binti wa kufikisha, na mimi nimepewa ujumbe wa kufikisha, na gari halitauzwa kesho. Alikataa. Alisema atavunja kile kioo, aweke kingine. Akachukua funguo, akaingia, akaketi kwenye usukani, akatazama kioo cha kuangalia nyuma. Aliona nini mle, hajaniambia. Alifungua mlango wa mbele upande wa pili akasema, "Panda. Mi siendi pekee yangu."

Tuliuliza sokoni, tukamkuta Mama Lotsove kwenye kambi ya waliokimbia vita, mbele ya hema lake, anapepeta maharagwe. Alipoliona gari akaweka ungo chini. Alilitambua kabla hatujazima injini. Papa Deo alishikilia usukani, hakushuka, kwa hiyo nilisema mimi, maneno ya binti yake kama nilivyopewa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilitegemea atanitukana, au atasema mimi ni mwongo.

"Kitenge ilikuwa rangi gani?" akauliza.

"Kijani, mama. Na maua ya njano."

Akaitikia kwa kichwa polepole. "Ulimuona iko nasikia baridi?"

Nilimwambia hapana. Mungu anisamehe, huo ndio uongo pekee niliomwambia.

Hakulia. Alifungua mlango wa nyuma, akakaa upande wa kushoto, akaegemeza paji la uso kwenye kioo. Alikaa hivyo mpaka giza likaingia na wanawake wa mahema ya jirani wakaja kumtoa, mmoja akimshika mkono huku na mwingine kule.

Tulingoja siku nyingi njia itulie. Ilipotulia tukaenda sisi watatu, pamoja na mzee mmoja wa kanisa lake. Mikaratusi ipo, daraja la mbao lipo. Pale kwenye kona tulikuta kifusi cha udongo na msalaba wa vijiti usio na jina. Mkulima mmoja alitoka shambani na jembe lake, akavua kofia.

"Siye tulimuzika," alisema. "Tulingoja mwenyewe atakuya. Mutoto tulimukuta alisha zaliwa, alisha kufa. Tulimuweka naye, ku mukono."

Hapo ndipo Mama Lotsove alipopaza sauti, na ile sauti ndiyo inayomwamsha Papa Deo usiku, mke wake ameniambia. Hakuuza gari tena, wala haliendeshi. Limesimama uani kwake, kuku wanataga chini yake. Kioo kile sasa ni safi. Hakukifuta mtu.

Ungependa niishie hapo, eh? Mimi pia ningependa. Lakini baada ya wiki chache ilikuja jeep kutoka upande wa Kilo, kule kwenye migodi ya dhahabu, ya mtu nisiyemjua. Nikaiosha, nikaikausha, na kwenye kioo cha nyuma, kwa ndani, madoa yalikuwa chini kabisa, kimo cha mtoto aliyekaa kwenye kiti. Nikamtazama dereva. Dereva akatazama pembeni. Kisha likaja lori. Kisha gari jingine, na jingine.

Nimeacha kuosha vioo. Naosha bodi, naosha magurudumu, ndani siingizi hata mkono. Wateja wananung'unika, wengine wamehamia kwa jirani. Mke wangu anasema ninazeeka vibaya.

Wewe unayenisikiliza, kama siku ile ya kukimbia ulimwacha mtu njiani, na watu wake bado wanauliza sokoni, nenda ukawaambie. Watakutukana, labda watakupiga. Nenda tu. Mimi usiniletee kioo.