Radie ya Wamaza

Siku yangu ya kwanza katika brigadi ya barabara, pale Kasongo, sikupewa hata koleo. Shefu wa brigadi alinisimamisha kwenye kaniveo, ule mfereji wa kando ya barabara, akaniuliza: "Adui ya barabara ni nani?" Nikajibu malori. Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Ni maji, mutoto yangu. Lori inachimba kidogo, maji inabeba yote."

Baadaye nilihamishiwa Kabambare, upande wa Wamaza, nikiwa kapita, yaani msimamizi wa vibarua. Enyi vijana, hapo ndipo kazi ilipokuwa tamu! Zamani tulijua miezi ya mvua. Sasa inakuja inapotaka, na ikija inamwagika yote kwa mara moja. Kijito kimoja kilikuwa kimeshatubebea madaraja mawili ya magogo. Injeniya aliyetoka Kindu akatuambia waziwazi: "Tunajenga mara moja tena. Ikibebwa, brigadi inarudi Kasongo." Maana yake watu wa Wamaza wangebaki ng'ambo na mpunga wao, bila lori, bila njia ya kwenda hospitali.

Injeniya akaamua tuweke radie: sakafu pana ya mawe na zege, iliyolala chini kabisa kijitoni, ili maji yakijaa yapite juu yake badala ya kuisukuma. Alimweleza chifu wa kijiji haraka haraka, na chifu akasikia "radio". Jioni ile ile akawatangazia watu: "Injeniya anatuletea radio!"

Loo! Sijaona tena kazi kama ile. Akina mama waliimba huku wamebeba mawe, wazee wakaponda kokoto, wengine wakabishana antena isimame wapi. Sisi tulidhani ni mapenzi ya barabara! Zege ilipokauka, chifu akaja amevaa koti.

"Kapita, radio iko wapi?"

Nikamwonyesha. Aliitazama zege, akanitazama mimi. "Hii? Chini hivi? Maji itaimeza!"

Haukupita muda mrefu, mvua kubwa ikanyesha. Asubuhi radie yote haikuonekana. Kijiji kizima kilisimama ukingoni kikitucheka: "Radio yenu imezama!" Injeniya alikuwa anatafuna kucha. Mimi dhihaka ilinipandisha hasira, nikapiga kelele: "Haijazama! Sikieni maji inavyonguruma juu yake, iko inaongea. Ikiongea, musivuke. Ikinyamaza, mupite!" Nilisema kwa ukali tu, lakini watoto wakalidaka neno wakalifanya wimbo.

Adhuhuri maji yakashuka. Yalianza kuonekana mawe ya kando, halafu sakafu yote, imeoshwa, haina hata ufa! Nilirukaruka, nikamkumbatia Injeniya na matope yangu yote. Chifu akavuka wa kwanza, akaikanyaga kwa nguvu. "Sawa. Radio yetu iko nguvu." Injeniya akatuamuru tupakie vifaa, twende kwenye kijito kinachofuata.

Sasa nimestaafu, niko Kasongo. Mvua ikianza, mke wangu hunishika shati, maana miguu yangu inataka kwenda kutazama. Majuzi sokoni nilimkuta dereva wa lori, kijana mgeni aliyetoka Salamabila. Nikamuuliza, huku nikijikaza nisionyeshe hamu, lile daraja la Wamaza likoje baada ya mvua hizi. Akafikiri.

"Daraja gani, Papa? Kule hakuna daraja. Maji ikishuka, tunapitaka tu juu ya zege."

Nilimshika mkono nikautikisa, nikautikisa tena, naye hakuelewa kwa nini mzee huyu anafurahi hivyo.