Kikwembe cha Kutembelea

Nikifungua kabati, harufu ya vitenge vipya hunirudisha mtaani Muhumba, chumbani kwa maman. Daktari alikuwa amemwambia apunguze uzito kwa sababu ya magoti. Asubuhi ile alijifunga kitenge kipya kabisa, akajipaka mafuta, tayari kupanda kwa miguu mpaka sokoni Nyawera.

"Hiyo kikwembe iweke kwanza," tantine, mdogo wake, akamwambia. "Utaivaa ukiisha kupunguka."

Maman akajitazama kwenye kioo bila haraka.

"Hii mwili njo inanibeba. Nikiionea haya, nitaitembeza namna gani?"

Akarudi amechoka, jasho likinuka rangi ya kitenge. Kesho yake, magoti yakimuuma vilevile, akatoka tena.

Vitenge vyangu mimi bado vimekunjwa humu kabatini, vinangoja nipungue.