Mkeka wa Alhamisi: Maisha ya Générose wa Katumba

Alizaliwa mwaka 1950 kwenye kilima kimoja cha Bururi, huko Burundi, mtoto wa nne wa wazazi waliolima mtama na maharage, akabatizwa kwa jina la Générose kabla hajamaliza mwezi. Hakuna aliyeona nyota siku hiyo. Bibi yake alisimulia tu kwamba hakuwa mtoto wa kulia upesi, na kwamba akipewa kiazi alikimega vipande viwili hata kabla hajajua wa pili atampa nani. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, na kwa jinsi mambo yetu yanavyokwenda huenda halitamtangaza kamwe. Lakini sisi wa kigango chetu hapa Katumba tunamwita hivyo tangu tulipomzika, na mimi Melkiadi, katekista wa kigango hiki kwa miaka ishirini na miwili, nimeombwa niyaandike maisha yake kabla wanaomkumbuka hawajaisha. Naandika nikiwa nimechoka, na msomaji ataona huko mbele kwa nini siwezi kuandika kama mtu mwenye mikono safi.

Mwaka 1972, akikimbia mauaji, alivuka mpaka kuingia Tanzania kwa miguu pamoja na mumewe, akiwa na mimba changa. Mumewe akafa njiani kwa kuhara. Mwaka uliofuata sisi wakimbizi tuliletwa wote Katumba, katika msitu wa miyombo ulio kando ya njia ya reli ya Mpanda, tukagawiwa mashamba, mashoka na mbung'o. Hapo ndipo alipomzaa Lidia, mtoto wake wa pekee. Lidia alipofikisha miezi minne, mama yake alianza kusikia sauti za waliobaki ng'ambo zikimwita kwa jina mchana kutwa, akawa anatoka nyumbani uchi kwenda kuwaitikia. Shemeji zake hawakuwa watu wabaya. Walifanya kama tulivyofanya sote: walichonga mkatale, yaani gogo zito lenye tundu la kuingiza mguu na kigingi cha kuuzuia usitoke, wakamfunga humo kwa miezi kumi na mmoja. Mwaka 1975 alipelekwa hospitali, akapewa vidonge, sauti zikapungua. Hakupona; alipata nafuu, na nafuu hiyo aliimeza kila jioni maisha yake yote. Mguu wa kushoto ulibaki mwembamba, naye akawa anachechemea.

Alipoulizwa baadaye ni kitu gani kilimuumiza zaidi, hakutaja gogo. Alitaja mrija. Kwa desturi yetu, watu wakikaa kwenye sherehe au msiba, chungu cha pombe ya mtama huwekwa katikati na kila mmoja hutia mrija wake humo humo. Kunywa chungu kimoja ndiko kuwa mtu. Mwenye kichaa hapewi mrija. Humwagiwa kidogo kwenye kopo, akanywee nyuma ya nyumba. Générose alinyweshwa kwa kopo miaka kumi na minane, hata alipokuwa analima na kusali kama sisi, na hakulalamika. Wito wake ulikuja mwaka 1993, kwenye harusi, alipomwona mjane Pelagia, ambaye naye kichwa chake kilikuwa kinamsumbua, akilamba togwa kwenye kopo lenye kutu huku kuku wakimzunguka. Alhamisi iliyofuata alitandika mkeka mbele ya nyumba yake, akapika chungu cha togwa isiyochacha, kwa sababu pombe haipatani na vidonge, akakata mirija miwili, akaenda kumwita Pelagia. Alichagua Alhamisi kwa kuwa ndiyo siku ya mnada, na njia zinakuwa hazina macho mengi.

Kufikia mwaka 1994 mkeka ulikuwa na watu kumi na sita. Walikuwa na kazi mikononi, mahindi ya kupukuchua, karanga za kumenya au maharage ya kuchambua, kwa maana mama huyu alisema mikono ikiwa na kazi mdomo unasahau kuogopa. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na mtu mmoja wa nyumbani kwake. Kila mtu, mgonjwa kwa mzima, aliulizwa maswali matatu: Umelala? Umemeza? Nani kakukera wiki hii? Kuhubiri ilikuwa marufuku, na hilo liliniudhi sana mimi. Wengi walisema anakusanya mashetani ili ayapikie. Aliyemwelewa kwanza alikuwa Mwislamu, nesi Mwanahija kutoka Mpanda mjini, aliyekuja kwa treni kila mwezi kuwachoma wagonjwa sindano. Aliketi kwenye mkeka siku nzima, akamenya karanga, kisha akasema: "Mama Lidia, hii kitu sisi tulifundishwa chuoni. Imejaribiwa nchi za watu, ikapimwa. Wagonjwa wakikaa pamoja, na ndugu zao wakajua dalili mapema, hawarudi rudi wodini." Akamwachia daftari. Lidia ndiye aliyeandika, maana mama hakusoma. Mwaka mmoja kabla ya mkeka, kati ya wale kumi na sita, kumi na mmoja walikuwa wamefungwa au kulazwa. Mwaka mmoja baadaye walikuwa watatu. Daftari hilo lipo, limekunjika pembe, na nimelisoma mara nyingi kuliko nilivyopenda.

Sasa nafika kwenye aibu yangu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mwanangu Dieudonne aliugua mwaka 1994 akiwa na miaka ishirini na mbili, na mimi, niliyekuwa nasoma Injili mbele ya watu kila Jumapili, nilimfunga kwenye mkatale nyuma ya nyumba yangu na kuwaambia waumini kwamba amekwenda Kibaoni kwenye mashamba ya mpunga. Générose alijua. Alikuja mara saba kuniomba, akichechemea, na mara ya saba mke wangu Marsela alinipita mlangoni bila kunitazama, akaenda kung'oa kigingi mwenyewe. Dieudonne akaanza kwenda kwenye mkeka. Alilala, alimeza, alicheka. Marsela alikaa naye. Mimi nilimfikisha hadi kwenye uzio na kurudi, na kila nilipopewa mrija nilisema nimetoka kunywa maji.

Kwaresima ya mwaka 1997 nilihubiri vizuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa kuwa kuhubiri vizuri ndiko kulikotuangamiza. Niliwaambia waumini kwamba kufunga chakula ni jambo dogo, na kwamba sadaka ya kweli ni kuacha kile kitu unachokiegemea kuliko vyote, ili umwegemee Mungu peke yake. Nilikuwa nafikiria wavuta tumbaku. Dieudonne alikuwa amekaa benchi la tatu, akasikia kila neno, na kama kijana mtii akajiuliza yeye anaegemea nini. Toka Jumatano ya Majivu aliacha vidonge, akamkwepa nesi siku ya sindano, na kwenye mkeka alipoulizwa kama amemeza, alijibu ndiyo, akidhani sadaka haitangazwi. Hakulala. Wiki ya tano Générose alimwambia Marsela kwamba macho ya kijana yamebadilika, Marsela akaniambia mimi, nami nikajibu kwamba ni njaa ya mfungo.

Ijumaa Kuu, tukiwa kwenye Njia ya Msalaba, Dieudonne aliingia kanisani na panga, akaukata msalaba wa mbao vipande vitatu huku akilia kwamba anamshusha Bwana. Hakumgusa mtu, lakini mtoto mmoja aliumia katika msukumano wa kukimbia. Wanaume sita walimkamata. Nami, baba yake, nilitangulia kwenda nyumbani kuliburuta gogo kutoka kwenye majani, nikachonga kigingi kipya. Walipomfikisha, Générose alikuwa ameshafika. Sijui mguu ule ulimfikishaje mapema vile. Alikaa chini mbele yetu, akauinua mguu wake mwembamba kwa mikono miwili, akauingiza kwenye tundu.

"Gogo hili ni la mtu mmoja," alisema. "Leo nimeliwahi mimi."

Mzee Aristide, mwenyekiti wa baraza la kigango, alimwambia kwa ukali, "Mama Lidia, toka hapo. Huyu ataua watu."

"Mtoto hajaacha dawa kwa ujeuri, mzee. Kaacha kwa kumtii baba yake na mahubiri yake. Kama kuna wa kufungwa kwa hilo, nyie wote mnajua ni nani, na yeye simfungi. Leteni mkeka."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya, na sitaki kusema nilijisikiaje, isipokuwa kwamba nilikitupa kisu cha kuchongea majanini. Watu wa Alhamisi walikuja mmoja mmoja, Pelagia akitangulia na ungo wa maharage. Kidole kimoja hakivunji chawa. Walimkalisha Dieudonne katikati, wakapokezana zamu za watu wanne wanne, wengine wakichambua, wengine wakimshika mikono alipotaka kuondoka, bila kumkemea na bila kubishana na sauti zake. Felisiani, aliyewahi kufungwa mkatale miaka mitatu, alimwambia, "Mimi zangu zilisema hivyo hivyo, ndugu yangu. Ni za uongo. Kaa." Ilinyesha, wakafunika turubai. Jumamosi mchana treni ilimleta Mwanahija, aliyepelekewa habari, akiwa na sindano, na Jumapili ya Pasaka Dieudonne alilala saa kumi na nne kwenye mkeka huku sisi tukiimba Aleluya mbele ya msalaba uliofungwa kamba. Générose hakuutoa mguu wake mpaka alipomsikia kijana akikoroma.

Baada ya hapo kikundi hakikupingwa tena, ingawa hakikupendwa sana pia. Padre alikuja, akasikiliza, akaagiza kwamba kila Kwaresima itangazwe altareni kuwa dawa hazifungwi. Mimi ndiye ninayelitangaza tangazo hilo kila mwaka, na sauti yangu haijawahi kulizoea. Katika mvua kubwa za mwanzo wa 1998, barabara ilipokatika na treni ikakosa kufika, Générose alishikwa na malaria kali. Padre alifika kwa miguu, akampaka mafuta ya wagonjwa siku ya Jumatano. Kesho yake asubuhi, watu wakiwa wamejaa chumbani wakisali rozari, alifumbua macho akamuuliza binti yake, "Leo Alhamisi. Mmeshakaa?" Lidia alijibu kwamba wote wapo kwake, wamekuja kumuaga. Alisema, "Mimi naondoka. Nyie nendeni mkakae." Wakatoka, wakatandika mkeka uani kwenye matope, na alikata roho akiwasikia wakiulizana.

Wapo wanaosimulia kwamba siku ya maziko mbung'o hawakuonekana, na kwamba mwanamke mmoja wa Kasekese alipona uchungu wa mgongo kwa kulala kwenye mkeka wake. Siwakatalii. Maajabu ninayoyajua mimi yameandikwa kwenye daftari la Lidia, kwa kalamu ya risasi: hadi naandika haya, mwaka 1999, watu ishirini na tisa wanakaa, na mkeka wa pili umetandikwa Usevya. Gogo langu lipo palepale nyuma ya nyumba. Mchwa wanalila polepole, nami nimewaacha.

Anayetaka kumwiga asitafute mambo makubwa. Yeye hakuponya mtu hata mmoja, na alilisema hilo mwenyewe kila mara. Alirudi tu, wiki baada ya wiki, akiwa amechoka kama sisi, akauliza yale yale. Kuulizwa kwenyewe nimekuonja. Siku ya kuondoa matanga chungu kiliwekwa juu ya mkeka katikati ya uwanja wake, cha togwa, kwa heshima yake, na wote waliokuwepo walitia mirija, wazee wa baraza na watu wa Alhamisi pamoja. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye uzio, kwa mazoea. Dieudonne alikuja na mrija alioukata mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili kama mtoto anavyompa mzazi, na akabaki amesimama akinitazama usoni.

"Baba," aliniuliza, "umelala?"

Nilitaka kumjibu kama ninavyowajibu waumini. Nikasema, "Hapana, mwanangu. Tangu Pasaka ile sijalala," naye akarudi kuketi, akanisogezea nafasi kwenye mkeka.