Siku Nilipomtia Kutu Mama wa Mchumba Wangu

Hili jambo sipendi kulisimulia, ila najua wengine mmeshalisikia kule Mkata kutoka kwa watu ambao hata hawakuwepo, kwa hiyo bora mlisikie kwangu mwenyewe, mcheke, yaishe.

Mimi natunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba moja ya wageni pale Kilole, Korogwe. Mnanijua, kutulia siwezi, hata ugali naupakua kabla haujaiva. Mchumba wangu Elia hilo halimsumbui, lakini mama yake lilimsumbua sana, akasema wazi, "Huyo binti ana mapepe, nitamtazama kwanza ndipo tupeleke posa." Basi niliposikia mama ameokoka, na kanisa lao linatafuta mahali pa kubatizia (mtoni wanaogopa mamba), nikajitosa: waleteni kwangu Jumamosi, maji yatakuwa safi mpaka mhesabu vigae.

Fundi aliyenifundisha kazi alinionya kwamba maji yetu ya kisima yana chuma, nipime kwanza, na klorini niitie kidogo kidogo. Alhamisi nikaimwaga yote kwa mkupuo ili nimalize mapema, na kufika mchana kile chuma kimegeuka kutu, bwawa zima limekuwa chai ya rangi.

Hapo mtu mwenye akili zake humpigia fundi simu. Mimi nikakumbuka nyumbani Kwaluguru, maji ya lambo tunayatuliza kwa shabu, unaikoroga kwenye ndoo, tope linashuka, unachota ya juu. Nikaenda sokoni nikanunua shabu, nikaitwanga, nikaimwaga, nikazima pampu. Na jamani, ilifanya kazi. Jumamosi asubuhi maji yanang'aa, ila kutu yote imelala chini, nzito kama uji. Inatakiwa uinyonye kwa mpira, taratibu, nusu siku nzima, ukiharakisha inatimka. Nilinyonya nusu saa, nikaona nimesafisha pa kutandika mkeka tu, uvumilivu ukanishinda. Nikajiambia, kwani nani atatazama chini? Nyumbani si tunachota juu, chini tunaacha? (Nilisahau kwamba kwenye ndoo hakuna anayeingia na miguu.)

Saa tisa wakafika na kwaya yao na majoho meupe, Mama Elia wa kwanza kwenye mstari, Elia mwenyewe kasimama pembeni. Mchungaji akayasifia maji, akashuka ngazi, akapiga hatua tatu, na ile kutu ikaamka. Alipofika katikati, kuanzia kiunoni kushuka haonekani. Kwaya ikanyamaza mmoja mmoja.

"Dada," akaniuliza kwa upole, "haya maji yana nini?"

"Ni safi, mchungaji. Ni huko chini tu ndiko kuchafu."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikaomba wangoje niwashe pampu, lakini Mama Elia akasema, "Mimi sirudi nyumbani sijabatizwa," akaingia. Akazamishwa, akaibuka na kilemba rangi ya tofali, na kwa kuwa ngazi haionekani akanyoosha mkono aongozwe. Mwingine angemshika akiwa amesimama ukingoni. Mimi nikaruka ndani na sare yangu, nikateleza kwenye lile tope, nikamkamata kiunoni, tukazama wote wawili. (Kilole wanasema mama kabatizwa mara mbili, na ya pili ndiyo aliyokunywa maji.)

Baadaye alikaa kwenye kiti, kajifunga taulo letu, mimi nikapiga magoti mbele yake nikalia kweli, maana Elia nampenda, na nilikuwa naona kabisa ninavyompoteza kwa mikono yangu mwenyewe. Mama akajipangusa uso kwa ncha ya taulo.

"Mwanangu, sijakasirika. Posa tutaleta, ila ukishajifunza kungoja."

Moyo ukanirukaruka kwa furaha, na kabla hajafunga mdomo nikauliza, "Sasa itakuwa lini, mama?"

Akamgeukia mwanawe. "Umemsikia, Elia?"

Tangu siku ile napima maji kila asubuhi, dawa natia kwa kijiko, na mpira nauburuta polepole mpaka wageni wanasinzia kwa kunitazama. Mama Elia hupita mara mojamoja, namwamkia shikamoo, naulizia mahindi, naulizia mgongo wake. Lile swali nimeapa sitamuuliza tena, hata linikabe kooni.